Nilichojifunza kwa kutengeneza sabuni ya nazi nyumbani Tanga

Karibu kila mteja anayeishika sabuni yangu kwa mara ya kwanza huinusa, huigeuzageuza, kisha huuliza: "Hii haina kemikali, eti?" Namwelewa. Watu wamechoshwa na vipodozi vinavyochubua ngozi, na wanatafuta kitu cha kuaminika. Lakini simdanganyi. Bila kostiki, ile kemikali kali iitwayo kostiki soda, hakuna sabuni. Sabuni ya mche ya kufulia, sabuni ya Marseille ambayo Wafaransa wanajivunia, na hii ya nazi ninayoitengeneza uani kwangu hapa Tanga, zote zimetokana na mafuta kukutana na kostiki au ndugu yake. Vipimo vikiwa sawa, kostiki yote inatumika. Inaungana na mafuta, na kinachobaki kwenye kipande unachoogea ni sabuni, gliserini na mafuta kidogo niliyoyaacha makusudi yasipate kostiki ya kuungana nayo.

Anayebisha namkumbusha jambo aliloliona mwenyewe mara nyingi. Mchuzi wa manjano umemwagikia kanzu nyeupe. Unapaka sabuni, na doa lililokuwa la njano linageuka jekundu papo hapo, mpaka unadhani umeiharibu nguo. Hujaiharibu. Manjano hubadilika rangi yakikutana na kitu chenye ukali wa aina ya magadi, na ukilisuuza doa lile au ukalikamulia ndimu, linarudi njano. Sabuni yoyote ya kweli italigeuza doa hilo, iwe ya kiwandani au ya nyumbani, kwa sababu sabuni ya kweli ina pH, yaani kipimo cha ukali huo, ya 9 hadi 10 hivi. Mtu akikuuzia kipande akasema ni sabuni ya asili na haikuguswa na kostiki kabisa, ama hajui alichotengeneza ama anakuficha.

Nimeanza na hilo kwa sababu nimewaona watu wa aina mbili wakiingia kwenye kazi hii. Wapo wanaoiogopa kostiki hadi wanaacha kabisa, na wapo wanaoichota kwa kikombe cha chai huku watoto wakicheza miguuni. Wote wangesaidika kwa kuielewa.

Mimi misingi niliipata kwenye mafunzo mafupi ya ujasiriamali. Tulifundishwa zaidi sabuni ya maji, ile ya sulfoniki na slesi, ambayo kazi yake kubwa ni kuchanganya vitu vilivyokwisha kutengenezwa kiwandani. Inauzika na inalipa, siidharau. Ila mimi nilitaka kuanzia kwenye mafuta yenyewe, na mafuta ya pwani ni nazi.

Kuhusu kostiki, sikia vizuri. Ukiitia kwenye maji inayapandisha joto hadi karibu na kuchemka, na mvuke wake unakaba koo. Mimi nayeyushia nje, upepo ukinipiga mgongoni, nimevaa miwani, glavu ndefu na nguo ya mikono mirefu. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Chombo kiwe cha plastiki ngumu inayohimili joto au chuma cha pua. Sufuria zetu nyingi za jikoni ni za alumini, na kostiki huila alumini. Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alinipigia simu kutoka kwao akisema, "Shangazi, mbona sufuria inatoa povu na kuchemka nami sijawasha moto?" Nilimwambia aiache pale pale, awatoe watu wote, asisogeze moto wala kiberiti karibu, kwa maana alumini ikiliwa namna ile hutoka hewa ya haidrojeni, nayo inashika moto. Ikatulia. Sufuria haikufaa tena.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni chupa. Kostiki iliyoyeyuka haina rangi. Ikipoa inafanana na maji. Kuna watu wanaihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, wanaiweka chini ya meza, na mtoto mwenye kiu hajui. Funda moja tu linaunguza koo, na koo likianza kupona linajikunja na kuziba, mtoto anabaki hawezi kumeza ugali. Nakuomba, usiyeyushe kostiki zaidi ya utakayoitumia saa ile ile, wala usiiweke hata kwa dakika moja kwenye chombo ambacho mtu anaweza kukinywea. Balaa likitokea, mtoto asilazimishwe kutapika, kwa sababu kile kitu kikirudi juu kinaunguza mara ya pili. Asuuzwe mdomo, akimbizwe hospitali. Ikikurukia wewe kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa, simama kwenye maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi. Wengi wanakimbilia siki. Anza na maji, tena mengi.

Wazee wa mtaani walinishauri niachane na kostiki nitumie magadi na majivu, kama zamani. Wazo lao lina msingi. Majivu ya migomba yakichujwa kwa maji yanatoa ukali unaoweza kugeuza mafuta kuwa sabuni, ila ni ukali wa potasiamu, na sabuni yake inakuwa laini ya kuchota kwa kidole, haikatiki kipande. Magadi, kama yale ya Ziwa Natron, ni kaboneti ya sodiamu. Yenyewe peke yake ni dhaifu kwa mafuta. Ukiyachanganya na chokaa iliyozimwa ndani ya maji ndipo inapatikana kostiki yenyewe, na chokaa hapa pwani tumekuwa tukiichoma kutokana na matumbawe tangu enzi za majumba ya mawe. Kwa hiyo sabuni ya kipande ingeweza kutengenezwa kwa vitu vya huku huku bila duka. Tatizo ni kwamba huwezi kujua ukali wa maji ya majivu uliyoyachuja leo ukilinganisha na ya juzi. Mimi sabuni yangu inagusa uso wa mtoto mchanga wa jirani. Nataka nijue gramu.

Na hapo ndipo ilipo kazi yote: mizani. Majani, maua, asali na manukato ni mapambo. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 0.183. Mawese yanahitaji 0.141 hivi. Mafuta ya nyonyo 0.128. Alizeti 0.135. Tazama pengo lililopo kati ya nazi na nyonyo, ndipo utaelewa kwa nini huwezi kubadilisha mafuta ukaacha kostiki ile ile. Jirani yako akikupa kipimo chake cha nazi nawe ukaweka alizeti kwa sababu nazi zimepanda bei, utapata kipande kinachokula ngozi.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kuchukulia lita kuwa kilo. Lita moja ya mafuta ya nazi ina gramu 920 hivi. Mtu amesoma kipimo cha kilo moja, akamimina lita moja, akaweka kostiki iliyopigiwa hesabu kwa kilo moja ya mafuta. Zile gramu 80 zilizokosekana ndiyo mafuta yaliyopaswa kubaki ya akiba kwenye sabuni, na kostiki ya ziada inakosa pa kwenda. Pima kila kitu kwa uzito, hata maji. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Betri ikichoka inaanza kusema uongo, kwa hiyo kabla ya kuanza naweka juu yake kitu ambacho uzito wake naujua, kisha ndiyo naendelea.

Kostiki yenyewe nayo ina ujanja wake. Sokoni huuzwa kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, unapimiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kostiki inavuta unyevu wa hewani, tena inakutana na hewa tunayoitoa puani na kugeuka taratibu kuwa aina ile ile ya magadi niliyoitaja. Gunia lililokaa wazi kwa wiki kadhaa hapa Tanga, na hewa yetu hii nzito, limeshapoteza nguvu. Unapima gramu 150, lakini kostiki halisi iliyomo ni pungufu. Sabuni inatoka laini, ina mafuta juu, haikauki, na unalaumu nazi. Mimi nanunua iliyofungwa, natazama vipande: viwe vikavu, vinavyotengana, vinavyolia vikigongana. Vikishikamana au vikiwa na jasho, naviacha. Nikifika nyumbani naimimina kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, naandika kwa maandishi makubwa, naipandisha juu ya kabati na kuifungia.

Sasa mafuta. Ninaye mama mmoja wa Pangani anayenitengenezea ya nazi kwa njia ya zamani. Nazi zilizokomaa zinakunwa kwa mbuzi, tui linachujwa, linaachwa usiku kucha hadi sehemu nzito ipande juu. Asubuhi ile ya juu inachotwa na kuwekwa kwenye moto mdogo. Kukaa naye jikoni kumenifundisha kusikiliza. Mwanzo sufuria inapiga kelele za maji yanayotoka kwenye mafuta, tatatata, bila kupumzika. Mashapo yanaanza kuwa meupe, kisha ya rangi ya dhahabu, na kelele zinapungua moja moja. Zikikoma kabisa, anaitoa sufuria motoni saa ile ile. "Mwanangu, yakiendelea kulia yana maji, yakinyamaza ukayaacha yanaungua," ndivyo anavyosema. Mafuta yenye maji yanachacha ndani ya wiki chache, na kwangu mimi yananidanganya kwenye mizani, kwa sababu nitakuwa nimepima maji nikidhani nimepima mafuta.

Inahitajika nazi 10 hadi 15 kupata lita moja, kutegemea ukubwa wake. Ndiyo maana siku hizi yale ya tui nayatumia kidogo, na kwa kazi kubwa nanunua yaliyokamuliwa kwa mashine kutoka kwenye mbata. Yale ya tui yana harufu tamu sana, lakini kostiki haiiheshimu harufu hiyo. Baada ya wiki mbili pua haiwezi kutofautisha. Yaache kwa nywele na kwa chakula.

Faida moja ya kuishi Tanga ni kwamba mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Kwetu hapa yako maji maji karibu mwaka mzima, isipokuwa alfajiri za kipupwe. Ndugu yangu wa Lushoto analazimika kuyayeyusha kila mara. Maelekezo mengi niliyoyasoma mwanzoni yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, na yanakuambia uifunike sabuni kwa blanketi baada ya kuimimina ili ishike joto. Usifanye hivyo huku. Sabuni yenyewe inatoa joto ikiendelea kuungana, na ya nazi inatoa joto jingi. Ukiifunika Januari Tanga, inapasuka katikati na kuvimba. Mimi naiweka sakafuni kwenye chumba chenye upepo, na nikiwa nimetia asali naipepea kabisa, maana sukari inaongeza joto.

Maelekezo hayo hayo yatakusifia mafuta ya zeituni. Ni mazuri, na sabuni za Nablus ya Palestina na Halab ya Syria zina haki ya sifa zake, lakini huko mizeituni iko nje ya mlango. Hapa chupa moja ya zeituni inakula faida yote. Isitoshe, kuna suala la maji, ambalo sikuona mtu akilizungumzia, na kwa watu wa pwani naona ni kubwa kuliko yote.

Maji ya visima vyetu vya karibu na bahari yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Yana chokaa nyingi, na mengine yana chumvi. Sabuni ikikutana na chokaa hiyo inafanya utando mweupe unaong'ang'ania kwenye ndoo na kwenye nywele, na povu halitoki hadi sehemu kubwa ya sabuni imepotea bure. Chumvi nayo inaizuia sabuni nyingi kuyeyuka. Wanawake wa vijijini kwenye mwambao wanalijua hili bila kuambiwa: sabuni nzuri ya mjini wakienda nayo kisimani inakataa povu. Sabuni ya nazi haikatai kirahisi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na sabuni inayotokana nayo inayeyuka hata kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana mabaharia walipenda sabuni ya nazi, kwa sababu waliweza kuogea maji ya bahari. Mvuvi wa Sahare aliyenunua kwangu kipande alirudi kutaka sita, na hakusema neno juu ya harufu wala rangi. Alisema tu, "Dada, hii inatoka povu kwenye mashua."

Ubaya wa nazi ni kwamba inasafisha mno. Sabuni ya nazi tupu, iliyowekewa kostiki karibu kamili, inaacha ngozi ikivuta na kupauka. Dawa yake ni kuacha mafuta mengi zaidi ya akiba. Kwa watu wa maji ya chumvi natengeneza hivi: mafuta ya nazi gramu 1,000. Kostiki kamili ingekuwa gramu 183. Naipunguza kwa asilimia 20, napata 146. Maji gramu 290. Basi, hakuna kingine. Inakuwa nyeupe, ngumu, na inashika haraka sana, kwa hiyo lazima uikate ndani ya saa sita hadi kumi na mbili. Ukilala ukaisahau hadi kesho yake, kisu kinaivunja vipande vipande.

Kwa watu wa maji ya bomba natengeneza nyingine: nazi 500, mawese 400, nyonyo 100. Hesabu yake: 91.5 ya nazi, 56.4 ya mawese, 12.8 ya nyonyo, jumla 160.7. Napunguza asilimia 6, naweka kostiki gramu 151 na maji 300. Mawese yasiyosafishwa yanaipa rangi ya chungwa inayopendeza, na nyonyo, ingawa kidogo, yanafanya povu liwe zito na lisiishe haraka. Alizeti ya Singida niliijaribu badala ya mawese kwa sababu inapatikana kila duka. Ikizidi, sabuni inabaki laini na baada ya miezi michache inatokwa na madoa ya rangi ya machungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Isizidi sehemu moja ya kumi.

Wenzetu wa Kigoma wanayo mise, mafuta ya kokwa la mchikichi, ambayo tabia yake inakaribia sana nazi. Yeyote wa huko anaweza kufuata njia hii, ila apige hesabu upya, kwa kuwa mise inataka kostiki pungufu kidogo kuliko nazi.

Maji ya kuyeyushia kostiki natumia ya mvua, ninayoyakinga baada ya mvua kubwa kuliosha bati. Maji ya kisima yenye chokaa yanaleta chengachenga ndani ya sabuni.

Kukoroga kwenyewe hakuna siri. Kostiki iliyoyeyuka ikipoa hadi uweze kushika chombo kwa nje bila kuungua, imimine kwenye mafuta, koroga. Blenda ya mkono inamaliza kwa dakika chache. Umeme ukikatika mwiko unafanya kazi ile ile kwa muda mrefu zaidi, pengine saa nzima. Unatafuta uji. Ukiinua mwiko, kinachodondoka kiache mstari juu kabla ya kuzama. Hapo sabuni imeshika, mafuta hayatajitenga tena, na hapo ndipo unatia manukato kisha unamimina kwenye boksi lililotandikwa karatasi.

Manukato nayo yanataka adabu. Sisi ni watu wa asumini na langilangi, tunapenda harufu, na kila anayeanza anataka kutia maua mabichi. Asumini inayong'aa kama lulu ikiingia kwenye kostiki inageuka kahawia kabla hujamaliza kumimina. Majani ya mwarobaini yanaanza kijani, yanaishia rangi ya tope. Ukitaka harufu ikae, tumia mafuta yaliyokamuliwa: mchaichai, mdalasini kwa uangalifu, langilangi. Na mafuta ya karafuu yale ya Pemba yanayotokana na makonyo, yapokee kwa heshima. Yanaifanya sabuni igande ghafla. Unakoroga uji mwepesi, unatia kijiko cha karafuu, na kabla ya kuvuta pumzi mara kumi mwiko umesimama wenyewe. Tia mwishoni kabisa, boksi likiwa tayari mbele yako, na usizidishe nusu ya gramu kwa kila gramu 100 za mafuta, maana karafuu ikizidi inawasha ngozi, hasa ya uso.

Mwani pia naupenda. Wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, wanaulima tangu 1989, na kwenye mwambao wa Mkinga huku kwetu upo. Bei ya mwani mkavu kwa mnunuzi wa jumla ni ndogo mno ukilinganisha na jua na maji ya chumvi wanayoyavumilia akina mama wale. Ukisagwa unga laini, kijiko kikubwa kimoja kwa kilo ya mafuta kinasugua ngozi taratibu na kuipa sabuni sura yake ya pekee. Ninapouza sabuni ya mwani nalipa mwani wenyewe kwa bei ya juu kuliko ya mnunuzi wa jumla. Kipande kimoja kinaweza kubeba gharama hiyo bila shida, na kila mtengenezaji wa sabuni ya mwani angeweza kufanya vivyo hivyo.

Baada ya kukata ndipo watu wengi wanapokosa uvumilivu. Sabuni ya siku ya tatu inaonekana imeiva. Kostiki imeshaisha, ndiyo, lakini ina maji mengi, inayeyuka kama pipi bafuni, na bado ni kali kidogo. Napanga vipande kwenye rafu ya mbao, visigusane, kwa wiki nne hadi sita. Rafu ya chuma inapata kutu, na kutu inaozesha mafuta. Kila Ijumaa napima kipande kimoja kile kile na kuandika uzito wake. Ukiacha kushuka, sabuni imekauka. Kiangazi wiki nne zinatosha. Masika inaweza kufika nane, kwa sababu sabuni ya mkono imebaki na gliserini yake yote, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mafuta au zaidi, na gliserini inavuta maji kutoka hewani. Utaamka ukute vipande vimetoka jasho, matone madogo madogo juu kila mahali. Haijaharibika. Usiifute kwa kitambaa, wala usiifunge kwa nailoni, kwa kuwa utaifungia na unyevu wake. Washa feni, fungua dirisha mvua ikikatika.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, nalowesha kipande na kukigusisha kwenye ncha ya ulimi. Kikichoma mchomo mkali wa ghafla, kostiki imebaki, na kundi lile lote haliendi popote. Kikiwa na ladha ya sabuni tu, kiko salama.

Sokoni nilikutana na jambo lililonisikitisha kuliko bei ya nazi. Wateja wengi, wasichana kwa wamama, wanaomba sabuni ya kung'arisha. Wengine wanakuja na krimu mkononi wakitaka niichanganye. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu zinaharibu ngozi na figo, lakini mkorogo bado unauzwa kwa siri, na ukisema hapana mtu anakwenda kwa mwingine. Mimi nasema hapana. Namkalisha mwenzangu, namweleza kwamba sabuni inakaa mwilini dakika mbili kisha inaoshwa, kazi yake ni kutoa uchafu, na ngozi yake haina kosa. Vivyo hivyo siandiki popote kwamba sabuni yangu inatibu chunusi, fangasi au ukurutu. Mwenye upele usiopona namwelekeza kwa daktari wa ngozi, hata kama amekuja na pesa mkononi.

Ukitaka kuuza zaidi ya majirani, vipodozi nchini viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kwa mjasiriamali mdogo njia huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaokupa barua ya utambulisho. Nenda na daftari la vipimo vyako, uzito wa kila kundi na tarehe. Kwenye lebo naandika mafuta niliyotumia, kostiki pia naitaja, tarehe ya kukata, na uzito wa kipande kilichokauka, kwa kuwa kipande cha gramu 120 siku ya kukata kinaweza kubaki na 105, na mteja anapaswa kulipia hizo 105.

Kwa anayeanza, chukua nusu ya kipimo cha kwanza nilichokutajia: nazi gramu 500, kostiki 73, maji 145. Nusu kilo inatosha kujifunzia, na ikiharibika hasara yake inavumilika. Fanya asubuhi, watoto wakiwa shuleni, na jioni uwe nyumbani kwa ajili ya kuikata.